Mama wa Baba Yangu Alikuwa Darasa la Saba

Siku tuliyomzika baba, watu walimpa pole Minza kwanza.

Walinipita mimi, mtoto wa kumzaa, nimekaa kwenye mkeka na kanga kichwani, macho yamevimba, wakaenda kumshika mkono yeye. "Pole mama. Pole kwa kufiwa na mwanao." Na Minza, ambaye amenizidi miezi mitano tu, akawa anaitikia kwa sauti ya chini kana kwamba kweli alimnyonyesha marehemu: "Asanteni wanangu. Tumeshapoa." Ndipo walipogeuka na kunikumbuka. Nilikuwa nalia, sikatai, lakini katika kilio kile kulikuwa na machozi mawili matatu ambayo hayakuwa ya baba. Yalikuwa ya wivu. Niliyatambua upesi kwa sababu nimekua nayo.

Kwa wasio wa kwetu, nieleze kidogo. Bibi mzaa baba aliitwa Minza. Alipofariki, wazee walisema mtoto wa kike wa kwanza kuzaliwa katika ukoo ndiye atakayelichukua jina. Mama yangu alikuwa mjamzito, na shangazi yangu, dada yake baba aliyeolewa ng'ambo ya ziwa kule Kamanga, naye alikuwa mjamzito. Shangazi akatangulia. Miezi mitano baadaye nikaja mimi, nikakuta jina limeshakwenda, nikapewa la mtakatifu wa siku hiyo kwenye kalenda ya kanisa, ambaye mpaka leo sijui alifanya nini. Na kwetu kurithi jina si mchezo. Aliyelichukua jina la bibi ndiye bibi. Baba alipomwona yule mtoto alivua kofia na kusema, "Mwadila, mayu," yaani za jioni mama, kama alivyokuwa akimsalimia mama yake mzazi. Hakuwahi kumchapa, hakuwahi kumfokea, na hakuwahi kumtuma dukani. Nani anamtuma mama yake dukani? Nilitumwa mimi.

Haya yote yasingeniuma sana kama Minza angebaki kwao, tukawa tunaonana Krismasi kwa Krismasi. Lakini tulipokuwa darasa la sita shangazi alianza kuugua, mara Sengerema hospitali, mara nyumbani, na baba akamleta Minza kwetu Mkolani, Mwanza, asome kwa utulivu. Kaka zangu wawili walikuwa shule za bweni, kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa yangu. Alifika na sanduku la bati na jozi moja ya viatu. Mama akamlaza kitandani kwangu, upande wa ukutani, ule nilioupenda mimi.

Baba alikuwa mwalimu wa historia wa sekondari, na alikuwa na ugonjwa wa walimu wa historia: hakuridhika na mambo yalivyokwenda. Ukutani juu ya meza yetu ya chakula alibandika ramani ya dunia iliyopauka, na kila jioni tulipokula samaki alituchezesha mchezo alioubuni mwenyewe. Aliuita Geuza. Unachukua jambo moja la enzi za kati, zile karne Kilwa ilipokuwa mji wa kutamba na Ulaya walipokuwa wakifa kwa tauni, unaligeuza. Moja tu. Baada ya hapo huruhusiwi kugeuza kitu kingine. Unafuata hatua kwa hatua, kila hatua na sababu yake, mpaka ufike Mwanza ya leo utueleze tungekuwa tunaishije. Ukidanganya kidogo, baba anagonga sahani kwa kijiko: "Umeruka hatua!" Aliyeshinda alipewa kichwa cha sato, ambacho kwa haki kilikuwa cha baba mwenye nyumba, na baba alikihamisha kwa mkono wake mwenyewe kutoka sahani yake kwenda yako. Kabla Minza hajaja nilikuwa nakipata kila siku, maana nilikuwa nacheza peke yangu.

Jioni ya kwanza baba alituambia habari za meli kubwa za Wachina zilizofika pwani yetu enzi hizo zikampeleka twiga kwa mfalme wao. "Haya, geuzeni." Mimi nikageuza kwa haraka: Wachina walimpenda sana twiga wakahamia Mwanza. Kijiko kikagonga. Twiga kachukuliwa Malindi, Mwanza imetoka wapi? Minza alikuwa bado anatafuna. Alimeza, akafuta midomo, akasema kwa upole wake ule unaokera, "Mimi nimegeuza hivi. Twiga kagoma kupanda meli."

Baba akaweka kijiko chini.

"Wakamsubiri," akasema Minza. "Hawawezi kurudi kwa mfalme mikono mitupu, watauawa. Mwezi, miezi miwili. Chakula kikaisha, wakapanda mpunga. Yule twiga akafa. Wakauliza, wapi kuna twiga mpole? Wakaambiwa, nendeni bara, huko kuna watu wanafuga ng'ombe, wanajua kutuliza mnyama. Wakaja mpaka kwetu. Tukawafundisha. Lakini kufundishwa kumechukua miaka, wamezaa, watoto wanasema Kisukuma. Sasa mfalme wao alishakufa. Wanarudi kwa nani?"

"Na leo?" baba akauliza, amesahau hata kula.

"Leo tungekuwa tunakula wali na vijiti, na Wachina wote wa Mwanza wangekuwa watani zetu."

Baba alicheka mpaka akashika meza. Kisha nikaona mkono wake unakwenda kwenye sahani yake, unakiinua kile kichwa, unakipitisha mbele ya pua yangu. "Mayu, karibu." Roho iliniuma kama jino bovu. Nilikula mkia siku ile, na miiba yake yote.

Ikawa hivyo. Nilijitahidi, Mungu ni shahidi. Nilishinda siku tatu natunga habari ya watu wa Kilwa walioishiwa mawe ya kujengea msikiti wao mkubwa, wakasafiri kutafuta mawe, wakayaona haya yetu ya Mwanza yaliyopandiana juu ya vilima, wakajenga mji huku. Baba alisikiliza vizuri mpaka mwisho. Kisha akasema, "Na Singida, penye mawe tele njiani, wangepita wamefumba macho?" Mama alicheka, Minza alicheka, na mimi nikalia nikakimbilia chumbani. Nilitegemea baba atanifuata. Nilimsikia akisema, "Haya mayu, tuokoe wewe," na Minza akaanza habari ya yule mfalme tajiri wa Mali aliyekwenda Maka na dhahabu nyingi. Alipofika Misri aliuliza maji ya Naili yanaanzia wapi, akasema hataki kutawadhia mkiani mwa mto, anataka kichwani. Nikiwa nimefukia uso kwenye mto wa kitanda nilisikia misafara ikija mpaka ziwani kwetu, na nikachukia kwamba nilitaka kujua itakavyoisha.

Jambo lililonishangaza ni kwamba alijua vitu. Siku moja nilimkaribisha mfalme wa Mali kwa ugali wa mahindi, Minza akanigusa mkono. "Mahindi hayakuwepo bado. Tulikuwa tunakula mtama na ulezi." Baba akatikisa kichwa kukubali. Nikamwuliza amejuaje. Akainua mabega. Leo najua alijuaje: vitabu vya baba vilikuwa kwenye rafu ya sebuleni, na kila nilipotumwa dukani yeye aliyebaki alikuwa anavisoma. Lakini sikuliona hilo wakati ule. Niliona jambo lingine, na likanikaa kichwani likawa ukweli. Niliona kwamba Minza habuni. Minza anakumbuka. Yeye ni bibi, bibi ni wa zamani, alikuwepo. Baba mwenyewe, mwalimu, mtu wa ushahidi, anamvulia kofia. Mimi nashindanishwa na mtu aliyekuwa huko, halafu nachekwa kwa kupita Singida.

Nilitafuta uhakika. Bibi mdogo, yaani mdogo wake marehemu bibi, alikuwa akiishi Kamanga na ndiye aliyekuwa akimwuguza shangazi. Alivuka kuja kwetu mwanzoni mwa mwaka ule tulioingia darasa la saba, na kikapu cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kichwani. Nilimkuta uani anaosha miguu, nikamsalimia shikamoo, nikamwuliza bila kuzunguka: "Bibi, hivi Minza amezaliwa lini?"

Yule bibi aliangua kicheko cha mapengo. "Huyu? Huyu nkubwa wangu! Huyu alinibeba mgongoni mimi."

Ningefanyaje? Mtu mzima amesema.

Bibi mdogo hakuja kusalimia tu. Shangazi hali yake ilikuwa haipandi, alikuwa amerudishwa nyumbani, na wakubwa walikaa sebuleni kuamua habari ya Minza. Walikuwa watatu tu: baba, mama na bibi mdogo. Minza alitumwa nyuma ya nyumba kukaanga samaki ili asisikie, mara ya pekee niliyowahi kumwona akitumwa. Mimi nilipita pita na beseni na birika la kunawisha mikono, nikisikia kila kitu. Baba alitaka abaki. Mtihani wa la saba ulikuwa mwaka uleule, na akiondoka sasa, kule atakosa walimu, atakosa nafasi, basi. "Yule mtoto ana akili ambayo sijawahi kufundisha," alisema. Mimi nimesimama hapo na beseni. Alikuwa amefundisha miaka kumi na tisa, na miongoni mwa akili alizowahi kufundisha ilikuwemo ya kwangu.

Bibi mdogo alisema mgonjwa anamtaka mwanawe. Mama akasema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mtoto si mgeni tena, amezoea. Wakazunguka hapo, mpaka bibi mdogo akauliza, "Na mwenyewe anasemaje?"

Wakatazamana. Hakuna aliyemwuliza. Nilijua kwamba hawatamwuliza, kwa sababu ni ukatili kumwita mtoto mbele za watu umwambie achague kati ya mama yake na shule. Nikainamisha birika, maji yakaanza kumwagika kwenye mikono ya baba, nikasema, "Anasema anataka kurudi kwao."

Baba akanyanyua macho. "Amekuambia hivyo?"

"Ndiyo baba. Analia kila siku. Anasema hapa hapapendi."

Haikuwa kweli hata neno moja. Minza hakuwahi kuniambia chochote kuhusu kwao, na kulia sikuwahi kumwona. Alikuwa analala kimya upande wangu wa ukutani. Nilichotaka mimi kilikuwa kidogo na kwa akili yangu kilikuwa haki: bibi arudi kwenye zama zake, niachiwe baba yangu.

Nilidhani baba atabisha. Alikuwa mtu wa kubisha, alibisha hata na redio. Lakini aliendelea kusugua mikono yake taratibu ingawa ilishatakata, kisha akasema, "Basi. Kama mama ameshasema, mimi ni nani?" Hapo ndipo nilipouona uzito wa lile jina. Ningesema kwamba binti wa shangazi anataka kurudi, baba angempinga kwa hoja mpaka kuche. Lakini aliyesema alikuwa mama yake, na mama hahojiwi. Alitoka, akaenda nyuma ya nyumba. Nilimsikia akisema, "Tumesikia, mayu. Utakwenda." Minza alikwangua kikaango, mafuta yanachemka. Kisha akasema, "Haya, mjomba." Hakuuliza wamesikia nini.

Tulimsindikiza mpaka kivukoni. Baba alilibeba lile sanduku la bati begani yeye mwenyewe, na suti ya kazini ikachafuka kutu. Minza alinishika mkono akanitazama kwa muda, nikaangalia maji. Kivuko kilipoondoka hakupunga, alisimama tu kwenye reli na mdomo ameubana. Nikajua kwamba amejua. Shangazi alifariki kabla masika hayajaisha. Minza akabaki kule, akafanya mtihani kule, hakuchaguliwa. Mimi nilichaguliwa.

Jioni ya siku aliyoondoka niliomba tucheze. Niligeuza jambo la tauni, nikasema panya wa Ulaya walipanda Naili, na nikaruka hatua tatu kubwa ambazo hata mama aliziona. Baba alisema, "Nzuri." Hakugonga sahani. Akanihamishia kichwa cha sato bila kunitazama. Nilikila chote, macho na mashavu, nikisubiri aniulize kuhusu jangwa, aniulize panya walikula nini njiani, aniulize kitu chochote. Alikuwa anaitazama ramani. Tulicheza labda mara mbili zaidi, na kila mara nilishinda, na baada ya hapo hakuna aliyeutaja tena ule mchezo nyumbani kwetu.

Binti yangu sasa anacheza kitu kama kile kwenye simu. Anachagua ufalme wa zamani, anapewa askari, na wiki chache baada ya mazishi aliniambia kwa furaha kwamba ameiteka Ufaransa akiwa na jeshi la Mali. Nikamwuliza jeshi limevukaje bahari. Akasema, "Mama, unabonyeza tu." Nilishikwa na hasira isiyo na maana. Labda si yeye aliyenikasirisha. Ni kwamba tangu Minza aondoke nilikuwa nikicheza Geuza peke yangu, na jambo ninaloligeuza ni lilelile moja. Ninanyamaza. Nimesimama na birika, bibi mdogo anauliza mwenyewe anasemaje, na mimi nanyamaza. Basi Minza anabaki. Anafaulu kunishinda, bila shaka. Anakwenda sekondari, anakwenda chuo kikuu, anakuwa daktari au jaji. Baba anazeeka akicheka, ana mtu wa kubishana naye. Niliifuata njia hiyo miaka yote, kila hatua na sababu yake, na kila mara iliishia kwenye kosa langu. Ulikuwa mzigo, lakini nilishauzoea.

Mwezi mmoja baada ya kumaliza matanga nilivuka kwenda kwake kuomba radhi. Ana duka la pembejeo Sengerema mjini: mbegu, mbolea, dawa za pamba. Nilimkuta anampimia mzee mmoja mbegu za alizeti. Nilimsubiri amalize, nikaketi kwenye gunia, na maneno niliyoyapanga njia nzima yakanitoka yote kwa mkupuo.

"Minza, siku ile ya kikao, wewe hukuniambia kitu. Mimi ndiye niliyesema unataka kurudi. Nilidanganya."

"Najua," akasema, anafunga mdomo wa mfuko kwa uzi. "Nilikuwa dirishani."

"Ulisikia?"

"Neno kwa neno. Samaki waliungua." Akacheka. Kisha akaacha ule mfuko akaja kuketi karibu nami. "Sikiliza. Nilikuwa nataka kwenda tangu siku ya kwanza. Usiku na mchana. Lakini ningeanzaje? Mjomba ananivulia kofia, ananilisha kichwa cha samaki wake, niseme napakimbia kwake? Nilikuwa naomba Mungu amtume mtu anisemee. Uliposema 'anataka kurudi kwao', nilipiga magoti pale pale chini ya dirisha."

Nilibisha. Nilimwambia habari ya shule, ya mtihani, ya maisha ambayo angekuwa nayo. Nilimweleza njia yangu yote, hatua kwa hatua, mpaka udaktari.

Alisikiliza mpaka mwisho kama alivyokuwa akinisikiliza mezani. "Umeruka hatua," akasema taratibu. "Ukinyamaza, mama yangu anakufa mwezi wa nne nami niko Mkolani nasoma habari za Mali. Hilo umeliweka wapi?"

Sikuwa nimeliweka popote. Miaka yote hiyo shangazi hakuwahi kuingia kwenye hesabu zangu.

"Nilimpata miezi miwili," Minza akasema. "Nilimwogesha kwa mikono hii. Alikuwa anacheka, anasema mama yake anamwogesha. Kila mwaka siku yake ikifika namwambia mume wangu, yule binti wa mjomba alinifanyia jambo ambalo sitaweza kumlipa." Akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Macho yake yalikuwa na machozi, ya kweli, ya shukrani. "Nilitamani kukuambia siku nyingi. Nikaona labda wewe ulishasahau."

Nilipaswa kufurahi. Mtu aliyetuliwa mzigo hufurahi. Lakini nilikuwa nimekaa juu ya lile gunia, nanuka mbolea, nikihisi joto linapanda kifuani, na nililijua ni nini. Jina lilikuwa lake, baba alikuwa wake, pole za msibani zilikuwa zake. Kile kitendo kimoja kibaya ndicho pekee katika habari hii nzima kilichokuwa changu, na sasa amekichukua nacho, amekigeuza kuwa wema, na ameeleza vizuri kuliko mimi.

"Nenda mjukuu wangu," akaniambia akinisindikiza mlangoni, "utakikosa kivuko." Nilikuwa nimekwenda kuomba msamaha, nikarudi nimeshukuriwa, na sijawahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea Minza siku ile.